Hakumbemenda Mtoto

Mwaka 1975 nilipangiwa kazi katika kliniki ya mama na mtoto, Kilwa Kivinje. Nilikuwa mkunga kijana, ndiyo kwanza nimemaliza chuo. Mkoa wa Lindi wenyewe ulikuwa mchanga, umemegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na masika yakianza barabara ya Dar es Salaam ilifungika. Mto Rufiji tuliuvuka kwa kivuko pale Ndundu; lori likizama kwenye tope, abiria walilala papo hapo wakisubiri njia ikauke. Dawa zilichelewa, mishahara ilichelewa. Kilichofika kwa wakati ni sauti ya redio. Mwaka 1973 ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, na watu wazima walikaa vikundi vikundi chini ya miembe kusikiliza habari za vyoo, za maji na za lishe ya watoto.

Nayaandika haya leo kwa ajili ya mama mmoja aliyeshutumiwa kwa jambo ambalo hakulitenda. Hakupelekwa kwa kadhi wala mahakamani. Alihukumiwa jikoni, kisimani na kwenye mikeka ya msibani, na hukumu hiyo aliibeba karibu miaka thelathini. Ushahidi walioutumia ni miguu ya binti yake. Kwa muda mrefu sikuwa na maneno ya kumtetea yenye uzito kuliko maneno ya wazee. Sasa ninayo, na nataka yawafikie walio kliniki na walio majumbani.

Msomaji wa pwani anaijua shutuma yenyewe. Mtoto akidhoofu, akichelewa kusimama, miguu ikilegea, watu huulizana nani amembemenda. Wanamaanisha kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, au wawili hao wamekutana kabla ya wakati, na mtoto ndiye anayelipa. Kwa baba swali hilo hupita na upepo. Kwa mama hukaa.

Matege ya kweli, yale ya mfupa uliolainika, hayakuwa ugonjwa wa kila siku kwetu. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kila mwaka. Watoto wa wavuvi walishinda ufukweni uchi tangu walipojua kutambaa, mama zao wakitanda dagaa kwa nguo maji yakitoka. Walikuwa na malaria, minyoo, surua na utapiamlo, lakini miguu yao ilinyooka. Kwa hiyo mtoto wa kwanza wa matege niliyemshika mikononi, mwaka 1976, alinishtua.

Alikuwa mvulana wa mwaka mmoja na nusu, wa nyumba ya mawe karibu na forodhani. Mama yake alikuwa ametawishwa, kwa desturi ya baadhi ya nyumba za zamani za mjini. Na kwa kuwa mtoto aliyemtangulia huyu alikuwa amefariki, bibi yake aliagiza asitolewe nje hata kidogo, jicho la watu lisije likampata. Alinyonya, akala uji wa muhogo, akalala kati ya kuta nene zenye madirisha membamba. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimevimba. Mbavuni, pale mfupa unapokutana na gegedu, niligusa vinundu vilivyojipanga mstari mmoja. Utosi haukuwa umefunga. Nilipomweka chini asimame, alikunja magoti akalia.

Tabibu wetu aliandika barua, nikasafiri na mtoto na bibi yake hadi Lindi kupiga picha ya eksirei. Kwenye picha ile, ncha za mifupa ya mkono, ambazo kwa mtoto mzima huwa na ukingo ulionyooka, zilikuwa zimepanuka na kuchakaa pembeni.

“Bibi,” daktari akasema, “mfupa wa mjukuu wako haujashika chokaa. Amekosa jua.”

“Mwanangu, Kilwa ikose jua?”

“Kilwa halikosekani, Bibi. Kwake yeye halijafika.”

Siku hiyohiyo, barazani, nilimkuta mama wa Kifini na mtoto wake mchanga. Wakati huo Wafini walikuwa Mtwara na Lindi kwa mpango wa maji, na baadhi yao walikuja na familia. Nikamwona akimdondoshea mtoto matone mdomoni kutoka kichupa kidogo, nikamwuliza ni dawa ya nini. Akaniambia ni vitamini D. Kwao, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua linakaa chini sana hata ngozi haiwezi kutengeneza vitamini hiyo mtu akikaa nje kutwa, ndiyo maana kila mtoto huanzishiwa matone akiwa na majuma machache. Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1960 Ufini ilipendekeza yuniti 2000 kwa siku kwa kila mtoto mchanga, kiasi kikubwa kuliko kinachopendekezwa leo. Mama yule alikuwa na vichupa vya akiba. Aliposikia habari ya mvulana wetu, alinipa.

Tulikubaliana na bibi. Mtoto hatapelekwa mtaani. Atakaa uani kwao, bila nguo, jua likishapanda, mama yake pembeni, na hakuna jicho la mpita njia litakalomfikia. Atapewa matone kwa kipimo alichoandika daktari. Uji wake utatiwa dagaa waliotwangwa pamoja na mifupa yao. Kaskazi ikapita, kusi ikaanza. Uvimbe wa vifundo ukapungua, mtoto akasimama kwa kushika ukuta, kisha akaachia. Aliporudi kupigwa picha, pale palipokuwa pamechakaa palikuwa pamejichora mstari mweupe: chokaa imerudi mfupani. Mji mzima ulizijua habari zake, na akina mama waliokuwa wakipita mbali na kliniki wakaanza kuingia.

Miongoni mwao, mwaka 1977, alikuwemo mama ninayemwandikia haya. Ukoo wao ulikuwa wa wenye maduka, asili yao Oman, na duka lao lilikuwa limeyumba tangu Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Yeye na mumewe walikuwa watoto wa ndugu, baba zao wa tumbo moja. Alinikabidhi binti wa miaka miwili. Vifundo vilikuwa vilevile, mbavu zilezile, miguu imepinda zaidi ya ile ya mvulana. Lakini binti huyu hakuwa amefichwa. Alitambaa mchangani na wenzake hadi miguu ilipokataa. Na kichwani hakuwa na unywele. Alizaliwa na nywele, mama akasema, zikamtoka akiwa na miezi michache. Nyusi nazo zilikuwa chache za kuhesabika. Mara kwa mara alishikwa na degedege bila homa.

Tulimfanyia yote aliyofanyiwa mvulana. Alipata jua, matone, dagaa na maziwa pale maziwa yalipopatikana. Daktari aliongeza kipimo cha matone. Damu yake ilisafirishwa kwenda kupimwa, na majibu yakasema kalsiamu iko chini sana. Misimu ikapita na picha za mifupa hazikubadilika.

Hapo ndipo shutuma ilipopata nguvu. Ingekuwa matege tu, watu wangeweza kusema ni jua. Lakini jua amelipata, dawa ameinywa, samaki amekula, na mtoto wa nyumba ya pili amepona kwa hayo hayo. Kilichobaki, walisema, ni mama. Kupona kwa mvulana yule, kulikonipa furaha kubwa kuliko jambo lolote la ujana wangu kazini, kukageuzwa ushahidi dhidi ya mwanamke mwingine. Nywele za mtoto zikawa ndilo neno la mwisho: ugonjwa gani wa mfupa unaonyonyoa kichwa?

Mume wake hakumwacha, na hilo nitamshukuru daima. Lakini hakuwa na la kuwajibu ndugu zake. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akisikilizwa na ukoo mzima, alikuja kliniki siku moja akakaa kwenye benchi hadi wagonjwa wote wakaondoka.

“Mwanangu, wewe umesoma,” akaniambia. “Kama si yeye, ni nini?”

“Shangazi, ni maradhi ya mfupa. Mama huyu hana kosa.”

“Maradhi yana jina. Hili linaitwaje?”

Hapakuwa na mtu Kilwa wala Lindi wa kumjibu swali hilo. Jibu lilikuwa ndiyo kwanza linatafutwa mbali sana. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wa ajabu, wenye matege hali damu yao imejaa homoni ya vitamini D kupita kiasi. Mwili ulikuwa na kila kitu, na mifupa ikaendelea kuwa laini. Wengine waliofuata kuandikwa hawakuwa na nywele.

Mwaka 1979 familia ilihama. Sultan Qaboos alikuwa ametwaa utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwakaribisha Waomani wa Afrika Mashariki warudi, na ndugu zao walikuwa wameshatangulia Muscat. Mama yule aliniaga na binti mgongoni. Aliondoka na jina alilopewa, maana waliotangulia walikuwa wameshalifikisha.

Miaka ikaenda. Nilihamishwa, nikarudi, nikastaafu. Mwaka 2003 daraja la Mkapa likafunguliwa juu ya Rufiji, na kivuko cha Ndundu kikabaki hadithi ya sisi wazee. Mwaka uliofuata simu ikalia kutoka Muscat. Sauti niliitambua kabla hajajitaja.

“Wamelipata,” akaniambia. “Damu ya mwanangu imepimwa hadi kwenye jeni. Wameniambia kwa Kiarabu, wakaniambia kwa Kiingereza. Nataka uniambie wewe, kwa Kiswahili, maana nitakaowaambia mimi wako Kivinje.”

Alinisomea kilichoandikwa kwenye karatasi, nami nikakinakili kwenye yangu. Nilimwita binti wa mdogo wangu, aliyesomea baiokemia Dar es Salaam, akaja na madaftari yake. Tulikaa na karatasi ile siku nzima.

“Mama mkubwa,” alianza, “hii tunayoiita vitamini, mwilini hufanya kazi ya homoni.” Akanieleza safari yake. Mwali wa jua uitwao UVB hupiga ngozi na kubadili kemikali fulani ya jamii ya kolesteroli. Kinachopatikana husafiri hadi kwenye ini, kikabadilishwa mara ya kwanza, kisha kwenye figo, kikabadilishwa mara ya pili. Hapo ndipo homoni inapokamilika, na jina lake ni kalsitrioli. Kazi ya figo katika safari hiyo ilitambuliwa na Fraser na Kodicek huko Cambridge mwaka 1970, miaka mitano tu kabla sijafika Kivinje.

Homoni hiyo ni ndogo na huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huupenya utando wa seli na kufika hadi kwenye kiini. Ndani ya kiini kuna DNA, maandishi marefu ya herufi nne, na ndani ya maandishi hayo kuna jeni, maelekezo ya kutengeneza kila protini ya mwili. Seli zetu karibu zote zina jeni zilezile. Seli ya mfupa hutofautiana na seli ya jicho kwa jeni inazozisoma na jeni inazoziacha zimefungwa. Kwa hiyo swali kubwa la mwili ni nani anayeamua jeni ipi isomwe, na lini.

Kalsitrioli peke yake haiwezi kusoma kitu. Kazi hiyo ni ya protini iliyomo ndani ya seli, iitwayo kipokezi cha vitamini D, mnyororo wa asidi amino 427. Homoni ikiingia ndani yake, kipokezi hubadilika umbo na kuungana na protini nyingine iitwayo RXR. Kipokezi kina sehemu mbili zilizokunjwa na kushikiliwa na zinki, wataalamu huziita vidole vya zinki, na kwa vidole hivyo hushika DNA. Hakishiki popote. Hutafuta mahali penye herufi sita maalumu, kisha pengo la herufi tatu, kisha herufi sita tena. Pakipatikana, protini nyingine huitwa, DNA iliyokunjamana hulegezwa, na kimeng’enya cha kunakili huanza kazi. Jeni iliyokuwa kimya inasomwa, na protini yake inatengenezwa.

“Kalsitrioli inapiga hodi,” akasema binti yangu. “Kipokezi ndiye mwenye nyumba anayeitikia karibu na kufungua mlango. Yule mvulana alikuwa na mwenye nyumba, ila mpiga hodi hakuwa akifika. Mlipomweka juani, akafika. Huyu binti mpiga hodi alikuwa akigonga usiku na mchana, na ndani hamna wa kuitikia.”

Nilimwomba alirudie hilo, nikaliandika.

Kisha akanionyesha kinachotokea ndani ya mfupa wenyewe. Katika seli zinazojenga mfupa, kipokezi huwasha jeni ya osteokalisini, mojawapo ya protini zilizo nyingi mfupani. Mahali kinaposhika kando ya jeni hiyo ya binadamu palichorwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Huwasha pia jeni ya RANKL, ishara ambayo seli mjenzi huitumia kuamsha seli mbomoaji, ili mfupa wa zamani uvunjwe na kalsiamu irudi kwenye damu inapopungukiwa. Seli zilizozama ndani ya mfupa zinawasha FGF23, inayoiamuru figo itoe fosfeti na ipunguze kutengeneza kalsitrioli. Na jeni nyingine, CYP24A1, hutoa kimeng’enya kinachoivunja homoni yenyewe, ili amri isiendelee bila mwisho. Homoni moja inajenga, inabomoa, na inajiwekea mpaka. Nilikuwa nimewapa akina mama matone yale kwa miaka mingi nikijua tu kwamba yanasaidia mfupa. Kuona kazi iliyokuwa ikifanyika ndani kulinifanya niheshimu mwili wa mtoto kuliko nilivyowahi kuuheshimu.

Lakini nililouliza zaidi ni hili: kama kipokezi kimeharibika, mtoto huyu ameishije hadi leo? Akanijibu kwamba tatizo kubwa la mifupa yake lilianzia utumboni. Kwenye utumbo, kipokezi huwasha jeni za protini zinazovuta kalsiamu kutoka kwenye chakula. Zisipowashwa, sehemu kubwa ya kalsiamu ya dagaa hupita ikatoka. Mfupa unakosa malighafi. Mwaka 1986 madaktari wa Ufaransa waliandika habari za mtoto mwenye ugonjwa huu, asiye na nywele, waliyemtia kalsiamu kwenye mshipa kila usiku kwa muda mrefu. Mifupa yake ikashika madini. Mwaka 1997 maabara za Boston na Tokyo zilipata panya wasio na kipokezi hicho. Walipata matege na manyoya yakawatoka. Baadaye panya wa namna hiyo walipolishwa tangu mapema chakula chenye kalsiamu, fosfeti na laktosi nyingi, mifupa yao ilikua sawasawa. Manyoya hayakurudi. Kwenye mzizi wa unywele kipokezi kina kazi yake nyingine, isiyongoja homoni, na hiyo hakuna kalsiamu inayoweza kuifanya badala yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yametendeka Muscat. Binti alitiwa kalsiamu kwenye mshipa usiku baada ya usiku, kisha akapewa vidonge vya kalsiamu kwa wingi. Mifupa ikakaza. Degedege likakoma. Alibaki mfupi, miguu ikiwa na mkunjo, na hakuota nywele. Mama yake alikuwa ameniambia hayo yote kwa simu, na kwa mara ya kwanza kila neno likawa na sababu yake.

Sababu ya sababu zote ilikuwa kwenye karatasi: kosa katika jeni ya kipokezi. Kosa la namna hiyo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na watafiti wa Marekani, akiwemo Mark Hughes, David Feldman, Wesley Pike na Bert O’Malley. Walichunguza familia mbili, na katika kila moja walikuta herufi moja tu imebadilika, palepale kwenye vidole vya zinki. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haumwi na hajui kama anayo. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu zote mbili. Watu wa ukoo mmoja wanaweza kuirithi kutoka kwa babu mmoja, ndiyo maana familia nyingi zilizoandikwa zilikuwa za mabinamu waliooana.

Mwaka 2005 mama yule alikuja Kivinje kwa hitima ya mumewe, aliyefariki Muscat. Binti alikuja naye, mwanamke wa miaka thelathini, kilemba kichwani, fimbo mkononi. Shangazi alikuwa bado hai, mzee sana, akili timamu. Baada ya dua, wanawake wakiwa bado uani, mama yule aliniomba niseme.

Nilisema kwa utaratibu, sikuruka kitu. Nilieleza jua na ngozi, ini na figo, homoni na kipokezi, hodi isiyoitikiwa. Nilieleza kwa nini jua halikumfaa binti hali lilimfaa mvulana wa forodhani, na kwa nini nywele na mifupa viliharibika pamoja. Nikaeleza nakala mbili, ya baba na ya mama, na kwamba zote zimetoka kwa wazee wale wale. Nikasema hakuna tendo la mume wala mke, la halali au la haramu, linaloweza kubadili herufi ile kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa na anayenyonya. Ilikuwepo kabla hajazaliwa.

Binti naye akasema. “Nimekua nikiambiwa nywele zangu zimeliwa na dhambi ya mama yangu. Nilikuwa namwangalia anavyonibeba kwenda hospitali, nikijiuliza mbona mwenye dhambi ana huruma hivi.”

Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Kumbe ni ya ukoo mzima, na sisi tulimtwika mmoja.” Akamgeukia mama yule. “Mwanangu, niwie radhi.”

“Nimekuwia, Shangazi. Lakini maneno yale yalisemwa mbele za watu. Na haya yasemwe mbele za watu.”

Na mzee yule, kwa msaada wa wajukuu wawili, akasimama. Akasema mbele ya wanawake wa Kivinje wote waliokuwepo kwamba mke wa mtoto wa kaka yake hakumbemenda mtoto, na kwamba aliyesema kuwa amembemenda ni yeye, na alisema asichokijua. Nimehudhuria hitima nyingi maishani. Sijaona ushujaa uliopita ule.

Nimeeleza yote haya kwa sababu watoto wenye miguu iliyopinda bado wanaletwa kliniki, na mama zao bado wanatazamwa kwa jicho lile lile. Ugonjwa wa binti yule ni nadra sana duniani; mkunga anaweza kustaafu bila kumwona wa pili. Ukosefu wa jua si nadra, na si lazima uwe Ulaya ili ulikose. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima watu wazima 60 wa Tanzania, Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili, nje mchana kutwa. Wastani wao wa vitamini D katika damu ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, hali kwa viwango vinavyotumika nchi nyingi 50 huhesabiwa kuwa inatosha. Huko Ghuba, chini ya jua kali kuliko letu, upungufu umeenea kwa sababu watu wengi hukaa ndani na hutoka wamejifunika. Na jua nalo lina kikomo chake: utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto waliolipata tele wakaugua matege kwa kukosa kalsiamu kwenye chakula, na kalsiamu ndiyo iliyowanyanyua.

Kwa hiyo ninyi mlio kliniki sasa, mtoto wa namna hiyo akiletwa, ulizeni. Anakaa nje saa ngapi? Anakula dagaa, maziwa, mboga za majani, au ni muhogo mtupu? Ana degedege lisilo na homa? Nywele zake zikoje? Wazazi wake wana nasaba? Mpimeni damu na mpigeni picha. Akipewa jua, matone na chakula, na bado picha haibadiliki, msimwache arudi nyumbani na ukimya. Mwandikieni rufaa, kwa maana sasa ugonjwa wake una jina na una tiba ya mifupa.

Mama yake msimwulize alilala na nani. Swali hilo nimelisikia likiulizwa tangu ujana wangu, na halijanyoosha mguu wa mtoto hata mmoja.